Makoti ya Mjomba

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Sasa hivi tu, kabla sijakaa na kalamu, Chiriku amevua kiatu kimoja, akakiweka sikioni, akaniambia, "Mama, nyamaza, naongea na mjomba." Nikamuuliza mjomba anasemaje. Akasikiliza kidogo, akajibu, "Anasema tule." Basi tumekula, kwa amri yako.

Salamu zitangulie, maneno yatafuata. Sisi wazima. Shemeji yako yuko kiwandani kwenye mbao, na kile kikohozi cha unga wa mbao kimepungua. Mama mkwe yupo chumba cha pili, anasikia kila kitu isipokuwa anapoitwa kusaidia. Cherehani yangu inalia mguu mmoja lakini inashona. Na huyu mpwa wako, tangu atimize miaka miwili, jina tulilomtania limemkaa mwilini. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea na kuku wa jirani mpaka kuku wanaondoka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili nikamsomea mama mkwe, mara ya tatu nikarudia ile sehemu ya kazi tu. Nilipotoka shule nikiwa darasa la saba ili wewe usonge mbele, sikujua mbele kwenyewe ni wapi. Leo naona. Asubuhi una vitabu, alasiri una kazi ya mikono. Na umesema chuoni hawampi mtu shahada ya umeme mpaka alete cheti cha miezi sita ya kazi, chenye sahihi na mhuri. Mimi nasema wana akili. Msomi asiyejua kushika nyundo ni kama mkasi uliotengenezwa kwa karatasi.

Lakini nieleze vizuri, kwenye hiyo karakana ya betri mnafanya nini? Mama mkwe aliniuliza, nikasema, "Betri." Akasema, "Betri zinafanywaje?" Nikakosa jibu. Na yule ukikosa jibu mara moja atakukumbusha wiki nzima.

Dada yako anayekuombea.

22 Februari

Dada,

Shikamoo. Mpe shikamoo na mama mkwe, na mwambie jibu lake linakuja humu humu. Shemeji msalimie. Chiriku mwambie mjomba amesema ale na alale pia.

Nisamehe kuchelewa. Nikitoka darasani saa nane naingia karakana, nikirudi bwenini nalala na viatu.

Kazi ni hii. Betri za magari zilizokufa zinaletwa hapa marundo kwa marundo. Tunazipasua kwa shoka, tunamwaga asidi, tunatoa sahani za ndani, sahani za madini ya risasi, zinaingia kwenye tanuri zinayeyuka kama siagi. Kisha zinafinyangwa upya. Nimejifunza kupima nguvu ya betri, kuunga ncha zake, kujua kwa kuitikisa tu kama imekufa au imezimia. Mnyapara wetu ni mtu wa maneno mawili kwa siku, lakini juzi alinitazama nikiunga akasema, "Huyu ataweza." Yakawa yameisha.

Ninayefanya naye kazi ni mzee mmoja tunamwita Babu Sahani, yupo hapa mwaka wa kumi na tisa. Mkono wake wa kulia unaning'inia kuanzia kwenye kifundo, kama nguo iliyoanikwa. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Anasema ni uzee, ingawa umri wake ni kama wa baba. Kila Ijumaa tunapangwa foleni, tunapewa maziwa nusu lita kila mmoja, kama watoto wa chekechea. Nimeuliza ya nini, mnyapara akasema, "Kunywa."

Sasa sikia jambo jema. Kila mwezi tunapewa makoti ya kazi mapya, yale marefu ya buluu, na ya zamani yanachomwa nyuma ya tanuri. Kazi ya kuchoma nimepewa mimi, na kutia sahihi kwenye daftari. Dada, kitambaa kile ni kizito, bado kipya! Roho iliniuma. Nikakukumbuka unavyogeuza suruali ya shemeji iwe gauni. Nimekutumia matatu kwa gari la mizigo. Sahihi nimetia kwamba nimeyachoma, kwa hiyo hili libaki letu.

Usiyafue kwanza. Asidi imeyagusa hapa na pale, yakiingia majini yanatoboka kama chujio. Kata sehemu nzima, kung'uta vumbi, shona.

Mdogo wako.

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena. Mama mkwe amepokea jibu lake la betri, sasa anawafundisha majirani. "Inapasuliwa kwa shoka," anawaambia, kama vile shoka lilikuwa lake.

Makoti yamefika! Mvua ilikuwa inanyesha, nikayakung'utia humu ndani. Vumbi lake jembamba, la kijivu, kama majivu yaliyochekechwa mara mbili, likatanda sakafuni na juu ya meza ya cherehani. Chiriku akapiga chafya, akacheka, akakaa chini akachora kwa kidole. Nilimuuliza anachora nini, akasema, "Mjomba na kuku."

Kitambaa kama hicho sijawahi kukigusa. Sindano yenyewe inapiga hodi kabla ya kuingia. Nimemshonea mpwa wako kikoti chenye mfuko mmoja mbele, na vipande vilivyobaki nimeviunga vikawa blanketi. Kikoti hataki kuvua. Bibi yake anamtania kila asubuhi, "Fundi, leo umetengeneza nini?" Naye anajibu, "Nimetengeneza bibi."

Amepata tabia moja, ananyonya kola. Nikiitoa mdomoni anairudisha. Nikamuuliza kuna nini huko, akasema, "Tamu." Tumecheka mpaka shemeji yako akatoka kuuliza kuna nini. Mapenzi ya mjomba yana utamu mpaka kwenye nguo!

Ukipata mengine usiyachome. Nataka kumshonea na godoro dogo.

Dada yako.

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote wazima.

Nimecheka peke yangu bwenini kwa hiyo "tamu" mpaka wenzangu wakaniuliza. Kesho nitampelekea Babu Sahani hicho kichekesho, siku hizi hacheki.

Makoti manne haya hapa. Samahani kwa ufupi, kichwa kinanigonga tangu juzi na kuna mtihani. Miezi miwili imekatika, bado minne.

Mdogo wako.

11 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Wiki tano sasa. Karani wa kiwandani kwa shemeji yako, yule anayetutolea barua kwenye sanduku la posta, ameanza kunikwepa akiniona naenda. Ananiambia kwa mbali, "Hakuna, Mama Chiriku, usipoteze viatu."

Sisi tupo. Godoro limekamilika, nimelijaza pamba ya mito ya zamani. Lile vumbi nalitoa kwa ufagio kila siku, kesho yake lipo tena. Nadhani linajificha kwenye mishono.

Chiriku tumbo linamsumbua. Linakaza, hapati choo siku nne, siku tano. Chakula hataki, lakini juzi nimemkuta anabandua ukuta na kula chokaa. Nikampeleka zahanati, nesi akasema minyoo, akampa dawa. Tumemaliza dawa. Nesi ni mtu mzuri, alimsifia kikoti.

Tena kuna kitu kidogo. Maneno yamempungua. Sisemi hasemi, anasema, ila zamani ungemuuliza moja akakupa kumi. Sasa anatazama, halafu anaenda kulala. Mama mkwe anasema watoto wana misimu, shemeji yako naye alikaa kimya mpaka miaka minne, na tangu hapo hajanyamaza. Nami nikacheka. Ni kweli, watoto wana misimu.

Kiatu bado anakiweka sikioni. Anasikiliza tu.

Niandikie hata mistari miwili. Babu Sahani hajambo?

Dada yako.

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mimi mzima, ni masomo tu.

Nimefikiri kuhusu yale makoti. Ni bora usimvalishe mtoto tena. Nimesoma kwamba asidi iliyokauka kwenye nguo inaweza kumwasha ngozi au kumtoa vipele, na ngozi ya mtoto ni laini. Yaweke tu kando. Na godoro pia. Usihofu, ni tahadhari ya kawaida tu.

Mpe maziwa kama yanapatikana. Maziwa ni mazuri kwa mtoto.

Babu Sahani hayupo kazini. Wamesema amepumzishwa.

Mdogo wako.

18 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa umekuwa na haraka, mistari inateremka kama watu wanaokimbia mvua. Kula vizuri. Usome na kulala.

Nimefanya ulivyosema. Nilimvua nguo zote, nikamsimamisha kwenye mwanga wa mlangoni, nikamkagua kipande kwa kipande, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Hana kipele hata kimoja! Ngozi yake safi kama sahani iliyooshwa. Mama mkwe naye akavaa miwani akamkagua upya, maana kazi yangu haamini mpaka airudie. Hana kitu. Kwa hiyo toa hofu, asidi haijamfanya lolote. Kikoti nilikificha siku mbili, akalia mpaka sauti ikakauka, nikamrudishia. Ndicho kitu pekee kinachomtuliza.

Maziwa anatapika. Kila kitu anatapika asubuhi. Nesi amenipa ile dawa ya minyoo mara ya pili, anasema mingine ni mikaidi.

Mama mkwe ameniambia neno juzi tukichambua mboga. "Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Huyu mtoto mpeleke hospitali kubwa." Nikamwambia, "Mama, sifichi, nesi ameshaona." Akaendelea kuchambua. Hospitali kubwa ni safari ya siku nzima, na shemeji yako amesema tungoje dawa ifanye kazi.

Wewe si unasoma sana? Angalia kwenye vitabu vyako kama minyoo inamfanya mtoto asahau maneno. Jana alisahau "maji". Alionyesha mtungi kwa kidole, akanitazama, machozi yakamtoka kwa sababu neno halikuja.

Dada yako.

16 Julai

Mdogo wangu,

Naandika fupi. Barua yangu ya mwezi uliopita uliipata? Niliuliza kuhusu vitabu.

Hapa kiwanda cha mbao kimefungwa, msumeno mkubwa umekatika, shemeji yako na wenzake wamesafiri kufuata mwingine. Hata karani hayupo, simu ya ofisini inalia ndani ya mlango uliofungwa. Tuko wanawake watatu, Chiriku nikimhesabu, na cherehani.

Chiriku hajambo kidogo. Mwezi ujao cheti chako kinatoka, au nimehesabu vibaya? Nimeshatenga mahali ukutani pa kukitundika.

Niandikie.

Jumanne, 5 Agosti

Dada yangu,

Sikusalimii. Soma hii barua umesimama.

Mtoe Chiriku kile kikoti sasa hivi. Blanketi, godoro, kila kipande, tia kwenye mfuko, funga, peleka mbali na nyumba. Usivichome, moshi wake nao ni sumu. Ufagio usitumie, lowesha kitambaa ufute sakafu, meza, cherehani, ukuta. Muogeshe mtoto, mkate kucha. Halafu mpeleke hospitali kubwa leo hii, usipitie zahanati. Waambie hivi, maneno haya haya: mtoto amekula vumbi la risasi la betri kwa miezi mitano, apimwe damu. Usikubali wakwambie minyoo.

Si asidi, dada. Niliposema asidi nilikudanganya.

Mwezi wa nne nilimsimulia Babu Sahani ile "tamu" ili acheke. Hakucheka. Aliweka kikombe chini kwa mikono yake miwili, akaniuliza, "Mtoto wa nani?" Nikasema wa dada. Akasema, "Unadhani makoti yanachomwa kwa nini?" Akaniambia vumbi la risasi lina utamu, wote humu tunaujua, tumeulamba midomoni. Yeye zamani alikuwa anarudi nyumbani na koti lake, na mwanawe wa kwanza alikuwa anamkimbilia mlangoni na kumkumbatia miguu. Mtoto yule alianza kwa kuumwa tumbo. Kisha akanyamaza. Nikamuuliza kisha nini. Akasema, "Kisha nini, nini?" Akarudi kwenye shoka lake.

Nilipaswa kukuandikia siku ile. Nilikaa na karatasi mbele yangu. Nikajiambia makoti saba tu, vumbi kidogo tu, mimi nalivuta kila siku na nipo. Nikajiambia nikikwambia ukweli utaacha kuniona kama unavyoniona. Wiki zikapita. Nikaandika neno asidi, nikadhani nimefanya ujanja, utaogopa vipele na kuyatupa makoti. Uliponiandikia kwamba umemkagua kipande kwa kipande ukamkuta safi, niliikunja barua yako nikaiweka chini ya godoro, nikashindwa kuisoma tena. Ndiyo, niliipata. Na ile ya "maji" kusahaulika, ni risasi hiyo hiyo.

Tangu jana napiga simu ofisi ya kiwanda cha mbao. Inalia, haipokelewi. Barua hii nampa dereva wa gari la mizigo, ameniahidi keshokutwa iko mkononi mwako. Mimi mwenyewe nakuja Jumamosi. Ijumaa mnyapara anatia sahihi cheti changu, nikiondoka kabla miezi sita yote inapotea bure. Jumamosi alfajiri napanda gari. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama, nikaona inavyosomeka. Lakini Jumamosi nitakuwa hapo.

Usinisubiri. Nenda.

Mdogo wako.

Alhamisi, 7 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Muda huu huu Chiriku alikuwa amekaa kizingitini na kikombe chake cha maji. Kikombe kikamponyoka. Zamani ungesikia yowe mpaka mtaa wa tatu. Leo hakulia hata kidogo, ameyatazama tu maji yakienda zake chini ya mlango, ametulia kama mtu mzima. Nikamfuta, nikampeleka alale na bibi yake.

Salamu zangu ni zile zile, na leo zina furaha ndani yake. Shemeji yako bado hajarudi na msumeno. Mama mkwe anadai magoti yake yanamwambia mvua inakuja. Na mtoto, nasema kwa sauti ndogo nisije nikamtia kijicho, leo tangu asubuhi hajatapika. Hajalia. Zile siku za kupiga kelele akishika tumbo, kama zimepita. Niliwaambia watoto wana misimu. Ana usingizi mwingi, nami nasema alale, usingizi ni tiba. Mguu mmoja unamtetemeka kidogo, nadhani ni baridi ya maji, nimemfunika lile blanketi lako likamfika mpaka kidevuni. Kola anayo mdomoni kama kawaida.

Sasa nikuchekeshe. Barua yako imefika! Sasa hivi, nikiwa nimeandika "mdogo wangu mpendwa" tu, dereva wa gari la mizigo amepiga honi nje. "Mama Chiriku, ndugu yako amesema usome haraka!" Nikamwambia, "Ndugu yangu tangu mdogo ana haraka, aliwahi kuzaliwa, mimba ya miezi minane." Akacheka, akaondoa gari.

Bahasha ni nene, mdogo wangu. Nimeipima mkononi. Wewe wa mistari mitano mitano, barua nene hivi ni ya nini kama si cheti? Nimejua kabla ya kufungua. Umekipata mapema, ukakikunja, ukamtumia dada yako akione kwanza kuliko watu wote. Nimeiweka chini ya mkasi isipeperuke, naitazama nikiandika. Sitaifungua mpaka nimalize hii. Mama yetu alikuwa hivyo, unakumbuka, kipande kitamu anakisogeza pembeni ya sahani, anakila mwisho. Kisha nitamwamsha Chiriku, nimkalishe mapajani, tuifungue pamoja, nimwonyeshe jina la mjomba wake na mhuri. Labda neno "mjomba" litamrudia. Juzi nusura litoke lenyewe, midomo ilijikunja hivi.

Ukutani nimepigilia msumari. Niliogopa kupigilia kabla ya wakati, watu husema ni kuita mkosi, lakini miezi sita ni miezi sita, nimehesabu kwa vidole na

Ngoja, mama mkwe ananiita. Yule huwa anaita hata akipotewa na kobazi.

Nimemjibu nakuja. Nilitaka kukwambia ukija usilete makoti tena, kabati limejaa, leta miguu yako tu, na ule mkono wa Babu Sahani mwambie mimi najua mafuta ya kuuchua ambayo

Anaita tena. Anasema, "Mama Chiriku, acha hiyo kalamu, njoo umtazame mtoto macho yake." Barua yako nitaifungua nikirudi, usidhani sija